Chakula cha vifaranga wa bata bukini
Umeuliza kama vifaranga wa bata bukini wa siku 3 wanaweza kula chakula cha vifaranga wa kuku. Wanaweza, ila niasini (vitamini B3) yake huwa haiwatoshi, na ikipungua miguu hupinda. Wachanganyie hamira ya bia kila siku. Wiki 3 za kwanza protini iwe kama asilimia 20, kisha ishushe hadi 15 au 16. Ikizidi, ncha ya bawa hugeuka nje. Majani mabichi wape mapema, yaliyokatwakatwa, pamoja na changarawe ndogo. Maji yawe na kina cha kuzamisha pua tu. Kuogelea bado! Manyoya yao ya kwanza hulowa, na baridi huwaua upesi. Na tafadhali usiwalaze juu ya gazeti, linateleza, miguu hutanuka.