GPS ya mkononi: mmeuliza, nimejibu

Maswali ya safari hii yote yanahusu GPS za kushika kiganjani, zile zinazokula betri mbili ndogo. Mengine yamejirudia, nimeyaunganisha.

Simu yangu inanionyesha nilipo hata bando likiisha. Kuna haja ya kununua kifaa kingine? (Mwongoza watalii, Morogoro)

Kwa mizunguko ya mjini, hakuna. Simu ina kipokezi chake cha satelaiti. Bando inalihitaji kushusha ramani na kuwahi kujua satelaiti ziko upande gani wa anga. Pakua ramani ungali nyumbani, utakwenda nayo mbali.

Lakini wewe unalala msituni. Garmin eTrex 22x, kwa mfano, imetajwa na watengenezaji wake kuwa inakwenda saa 25 kwa betri mbili za AA, na AA huzikosi hata kwenye kiduka cha kijijini. Ina vitufe vya kubonyeza, na kidole kilicholowa mvua kinavibonyeza bila shida. Kioo cha simu kikilowa, unajua mwenyewe kinavyokataa.

Kinajuaje nilipo? Na mtu hawezi kunifuatilia kupitia hicho? (Wasomaji watatu)

Msingi wake ni saa. Satelaiti za GPS, ambazo ni za Marekani, zinazunguka zikiwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja imebeba saa za atomiki, zilizo sahihi mno. Kazi yake ni kutangaza bila kuchoka: niko hapa, na sasa ni saa fulani. Mawimbi hayo yanakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo yanakufikia yakiwa yamechelewa kidogo tu, kama sehemu saba za mia za sekunde. Kifaa kinapima huko kuchelewa, kinapata umbali. Kikipata umbali wa satelaiti tatu, kinajua mko wapi.

Ndivyo ingekuwa, kama saa iliyomo ndani ya kifaa chako isingekuwa ya bei poa. Ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unapotea mita 300. Ndiyo maana satelaiti ya nne inahitajika: inatumika kuirekebisha saa yako. Zikiwa zaidi ya nne, ndiyo heri.

Kuhusu kufuatiliwa: kipokezi ni kama redio. Kinasikiliza taarifa ya habari, hakimjibu mtangazaji. Wasiwasi uwe kwa kile chenye laini ya simu ndani au cha kutuma ujumbe kwa satelaiti.

Mwenzangu alinitumia namba za mwamba wenye samaki changu: kusini 8.45, mashariki 39.40. Nimefika, nanga hata chini haigusi. Amenidanganya? (Mvuvi, Kilwa Kivinje)

Msamehe, kaka. Nadhani yeye alisoma nyuzi zenye desimali, wewe ukaingiza nyuzi na dakika. Nyuzi 8.45 ni nyuzi 8 na dakika 27, kwa sababu dakika ni 60 katika kila nyuzi, si 100. Wewe ulikwenda kwenye nyuzi 8 na dakika 45. Hapo umeshapitiliza kusini maili 18 za baharini, kilomita 33 na ushei, na mashariki nako karibu maili 16. Mafuta ya bure hayo!

Ingia kwenye mipangilio ya kifaa, chagua mtindo mmoja wa kuandika namba, na mwenzako achague huohuo. Halafu mwombe tarakimu zaidi. Desimali mbili zinakufikisha jirani tu: 0.01 ya nyuzi ni zaidi ya kilomita moja. Zikiwa tano, utautupia mwamba nanga kichwani.

Naweza kupimia mpaka wa shamba? (Mkulima, Mvomero)

Kukadiria eka, sawa. Mpaka, hapana. Anga likiwa wazi kinakosea mita tatu hadi tano. Ukisimama chini ya mwembe uliofunga, zaidi. Shamba la upana wa mita 20 likikosewa mita tano, robo yake imehamia kwa jirani. Mwite mpima aliyesajiliwa.

Jambo jingine, ambalo mimi lilinigharimu nusu siku nikitafuta bikoni (alama ya wapima ardhi) kwenye majani ya kiunoni: ramani zetu za zamani zimechorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, kifaa kinakuja kimewekwa mfumo mwingine, WGS84. Tofauti yake ni kama mita 300. Badilisha kwenye mipangilio kabla hujaanza kuwatukana wachora ramani.

Muuzaji ananisukumia chenye WAAS, eti sahihi zaidi. (Dar es Salaam)

WAAS ni huduma ya kusahihisha GPS, ya Amerika Kaskazini. Usiilipie. Ongeza hela upate kinachosikia na satelaiti za wengine, GLONASS ya Urusi au Galileo ya Ulaya, maana bondeni au chini ya miti kila satelaiti ya ziada ina faida. Tazama pia alama ya IPX7: kinavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa.

Nikisimama, mshale unazunguka kama umerogwa. Kimeharibika? (Arusha)

Hakijaharibika. Hicho hakina dira ndani. Upande kinaujua ukiwa kwenye mwendo tu. Tembea hatua kumi, mshale utatulia.