Kabla hujanunua Yotsuba&!, ijue kwanza ilivyochapishwa

Mpwa wangu alikuwa na miaka mitano nilipomfungulia Yotsuba&!, manga (kitabu cha katuni cha Kijapani), kwa mara ya kwanza. Ilikuwa 2010, barazani kwa dada yangu, Tanga. Mtoto wa kitabuni naye alikuwa na miaka mitano. Leo mpwa wangu ana miaka 20 na yuko chuo kikuu, na yule wa kitabuni hajavuka hata mwaka mmoja tangu siku ile.

Watu wakiniuliza waanze na manga gani ya kuchekesha, hii ndiyo ninayowatajia. Lakini siwaachi waende hivi hivi. Nawaambia wajue kwanza imechapishwaje, lini na nani, kwa sababu kwenye manga hii historia ya uchapishaji ndiyo itakayokuonyesha namna ya kuinunua na hata namna ya kuisoma.

Inabidi kuanzia nyuma kidogo. Mchoraji wake, Kiyohiko Azuma, alijulikana kwa Azumanga Daioh, iliyotoka katika jarida la kila mwezi la Dengeki Daioh kuanzia 1999 hadi 2002. Hata jina lenyewe limeunganishwa kutokana na mambo hayo: Azuma, manga, na Daioh ya jarida. Zilikuwa katuni za picha nne nne, zimepangwa moja chini ya nyingine, na kicheko mara nyingi kinakusubiri kwenye ile ya nne. Wahusika ni wasichana wa sekondari ya juu, ambayo Japani ni miaka mitatu. Mfululizo nao ulidumu miaka mitatu na kidogo. Wasichana walipohitimu, kazi ikaisha, juzuu nne basi. Msomaji wa Japani aliyenunua jarida kila mwezi alimaliza shule pamoja nao.

Machi 2003, katika jarida lile lile, Azuma akaanza Yotsuba&!, na hapa akaigeuza saa. Yotsuba, mtoto mwenye nywele za kijani zilizofungwa mafungu manne, anahamia mtaa mpya na baba yake wa kumlea wakati likizo ya kiangazi inaanza. Sura moja kwa kawaida ni siku moja tu. Leo wamehamia, kesho wanakwenda dukani, keshokutwa anawinda nyenje kwenye miti. Miaka zaidi ya ishirini ya uchapishaji imepita, na ndani ya hadithi kiangazi kimepisha majira ya vuli, basi.

Mwanzoni juzuu zilikuja kwa kasi nzuri. Ya 1 ilitoka Agosti 2003, na hadi Novemba 2011 zilikuwa 11. Baadaye mwendo ukapungua: ya 12 Machi 2013, ya 13 Novemba 2015, ya 14 Aprili 2018, ya 15 Februari 2021, ya 16 Februari 2025. Zisome tarehe hizo polepole. Kati ya mbili za mwisho kuna miaka minne kamili.

Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo. Usiisome kwa pupa. Mimi juzuu tatu za mwanzo nilizimeza usiku mmoja peke yangu, na asubuhi nilikumbuka vichekesho viwili vitatu tu. Nilipoanza kumsomea mpwa wangu sura moja kila jioni baada ya Isha, ndipo nilipoona vilivyomo. Sura hizi zilichorwa zisomwe moja, kisha msomaji akae mwezi mzima nayo. Ukizipanga kumi kwa mkupuo, ule utulivu wake unapotea, na utulivu ndio unaomfanya Yotsuba achekeshe.

Sasa suala la hela. Wengi wetu tunaisoma kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza manga hii ina wachapishaji wawili. ADV Manga walitoa juzuu tano kati ya 2005 na 2007, wakaishia hapo. Mwaka 2009 Yen Press walichukua haki, wakachapisha upya zile tano kwa tafsiri mpya na kuongeza ya 6, na wao ndio walioendelea. Kwa hiyo juzuu ya 1 hadi ya 5 zipo za aina mbili duniani, na kwenye soko la vitabu vilivyotumika zinauzwa zimechanganyika.

Mimi hilo sikulijua. Niliagiza mtandaoni seti ya juzuu sita kutoka kwa muuzaji mmoja wa vitabu vilivyotumika, nikalipa na nauli ya mzigo. Zilipofika, ya 4 na ya 5 zilikuwa za toleo la zamani, nyingine zote za jipya. Migongo haikulingana, lakini hilo ningelivumilia. Aliyeligundua tatizo lenyewe ni mtoto. Tulipoingia juzuu ya 4 alinisikiliza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, mbona leo wanaongea kama watu wengine?" Nilikuwa namgeuzia Kiswahili palepale kutoka kwenye Kiingereza, na bado alisikia kwamba mfasiri amebadilika. Mfasiri ni nusu ya kicheko. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akupigie picha mgongo wa kila kitabu na ule ukurasa wa mwanzo wenye jina la mchapishaji. Akikataa, tafuta mwingine. Mimi baadaye shemeji yangu aliyekuwa akifanya kazi Dubai aliniletea zilizobaki kutoka kwenye duka kubwa la vitabu la Kinokuniya kule, mpya, za toleo moja.

Jambo lingine linawasumbua wageni wa manga: kitabu kinafunguliwa kutoka kulia. Mpwa wangu hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa ameanza madrasa, akakishika kitabu upande ule ule anaoshikia juzuu yake ya Kurani, akaniangalia mimi nikikigeuzageuza. Kama nyumbani mna watoto wanaosoma Kiarabu, waachie wao wakuongoze.

Na usiache kuigeuza kwa Kiswahili, hasa ukiwa na mtoto. Kwa Kijapani jina linasomwa Yotsubato, na hiyo "to" ya mwisho ni "na" yetu. Karibu kila sura inaitwa kwa mtindo huo: Yotsuba na Kuhama, Yotsuba na Salamu, Yotsuba na Ongezeko la Joto Duniani. Hiyo ya joto ni ile anayoambiwa kwamba viyoyozi vinaiharibu dunia, basi kila mwenye kiyoyozi anakuwa adui wa dunia machoni pake. Kwa Kiingereza ile alama ya "&" inabaki inaning'inia bila kumaliza neno. Kwa Kiswahili inakaa mahali pake: Yotsuba na... na nini leo? Mpwa wangu alikuwa akilisema hilo kabla sijafungua ukurasa.

Ukitaka kujua kama itakufaa, nenda mwisho wa juzuu ya 1, kwenye mvua. Mvua kubwa inashuka ghafla, watu wazima wanajibanza. Yotsuba anatoka nje, analowa chapachapa, anacheka, anakimbia huku na huku, na picha zinazidi kupanuka huku maneno yakipungua. Baba yake anamtazama na kusema kwa upole kwamba mtoto huyu anafurahia kila kitu, hakuna kitu cha kumshinda. Nimeiona sura hiyo kwenye skrini ya simu, na nimeiona kwenye karatasi. Kwenye simu ile mvua inakatwa vipande. Kama unaweza kununua juzuu moja tu ya karatasi, nunua hiyo.

Anime yake, yaani katuni ya kutazama kwenye skrini, usiisubiri. Azumanga Daioh ilipata yake mwaka 2002, ila kwa Yotsuba&! Azuma mwenyewe alishaeleza kwamba hadithi na mtindo wake havifai kugeuzwa hivyo. Nami namwelewa, maana uzuri wake mwingi uko katika picha zilizotulia ambazo wewe ndiye unayeamua uzitazame kwa muda gani.

Kama wewe si mtu wa kusubiri miaka, anza na Azumanga Daioh. Imekwisha, na kwa Kiingereza Yen Press waliitoa yote katika kitabu kimoja kinene mwaka 2009. Anayesoma Kijapani atakuta matoleo mawili: lile la awali la juzuu nne, na la mchapishaji Shogakukan la 2009 la juzuu tatu, lililotolewa kwa kutimiza miaka kumi, ambalo ndani yake kuna michoro iliyochorwa upya na sura za nyongeza. Ningekuwa nakisoma Kijapani, ningetaka yote mawili.

Juzuu ya 15 tuliisoma mpwa wangu akiwa na miaka 16. Mwishoni Yotsuba ananunuliwa begi la shule, lile begi gumu la mgongoni la watoto wa Japani, kwa sababu mwaka unaokuja ataanza darasa la kwanza. Analivaa, limemzidi mwili, na baba yake akimtazama machozi yanamtoka. Dada yangu, ambaye miaka yote alikuwa akitusikia tu kutoka jikoni, alikuja akaketi akaomba tuirudie sura ile. Tukairudia.

Habari za juzuu ya 16 zilipotoka Japani, mpwa wangu ndiye aliyenipigia simu kutoka chuoni. "Mjomba, imetoka!" Tukakubaliana kuanza upya kabisa kutoka ya 1, sura moja kila Ijumaa usiku kwa simu, na safari hii anayesoma ni yeye. Ijumaa iliyopita tulifika kwenye mvua.