Nakala za chapa za mbao za Kijapani juu ya sofa

Ndugu muulizaji, umeuliza kama nakala tatu za chapa dhahania za Onchi Kōshirō zitapendeza zikikuzwa, zikachapwa kwenye turubai na kutundikwa juu ya sofa, mkabala na dirisha. Turubai ningeiacha. Onchi (1891–1955) alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati ya sosaku-hanga, ambayo wasanii wake walichora, wakachonga ubao na kuchapa kwa mikono yao wenyewe, na sehemu kubwa ya uzuri wa kazi hizo imo katika jinsi rangi ilivyozama kwenye karatasi na mistari ya mbao ilivyobaki ndani ya rangi. Mambo hayo hupotea picha inapokuzwa kupita kiasi au kuchapwa juu ya kitu kinachong'aa. Chagua karatasi nzito isiyong'aa, ukubwa unaokaribia ule wa asili, na fremu nyembamba ya mbao yenye nafasi pana nyeupe kuizunguka picha. Usikubali fundi akate kingo za picha ili iingie kwenye fremu aliyonayo, jambo ambalo kwa bahati mbaya hufanyika sana. Juu ya sofa moja inatosha. Mbili zilizobaki zitundike kwenye korido isiyopigwa na jua, kwa kuwa hata wino wa nakala hupauka.