Vyumba vinne, tovuti tatu: kuunganisha kalenda peke yake hakutoshi

Dada yangu wa Nungwi, pole sana kwa yaliyokukuta. Unasema una vyumba vinne, umeviweka kwenye tovuti tatu za kubuku vyumba, na wageni wawili wamekufikia chumba kimoja. Sasa kijana mmoja anakwambia uunganishe kalenda za hizo tovuti tu, zisomane, ni bure. Mwingine anataka umlipe kila mwezi kwa programu ya kusimamia chaneli, yaani inayozijulisha tovuti zote chumba kikiuzwa. Unauliza umsikilize nani. Mimi nina vyumba sita Jambiani na nilianza na hiyo ya bure, kwa hiyo nikueleze ilivyonifika.

Ilikuwa Desemba 2019. Saa tatu usiku teksi ya uwanja wa ndege imesimama getini, wameshuka mume na mke, mtoto kalala begani kwa baba yake. Chumba chao kina mtu ndani, mpaka nguo za kuogelea kaanika barazani. Kwangu kumejaa, kwa jirani kumejaa. Tuliwapatia pa kulala Paje kwa bei karibu mara mbili, tofauti nikailipa mimi. Pesa iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni yule mama kunionyesha simu yake: "Si mlituthibitishia?" Kweli tuliwathibitishia.

Asubuhi yake nilikaa na kijana aliyetutengenezea tovuti yetu, tukafungua faili la kalenda. Yule mgeni wa kwanza alikuwa analala usiku wa tarehe 27, 28 na 29, anaondoka 30. Kwenye faili mwisho wake umeandikwa hivi: DTEND;VALUE=DATE:20191229. Kijana aliweka usiku wa mwisho, kama ambavyo mimi na wewe tungeandika daftarini. Lakini kanuni ya iCalendar, yaani mtindo wa kuandika mafaili ya kalenda ambao tovuti hizi zinasomana kwao, inasema tarehe ya mwisho haihesabiwi. Pale panaandikwa siku ya kuondoka. Ilitakiwa iwe 30. Kwa kuwa ilikuwa 29, tovuti nyingine zote zikausoma usiku wa 29 kuwa uko wazi, na moja ikauuza. Tarakimu moja tu, dada.

Kosa hilo tulilirekebisha siku ile ile, lakini lilinifungua macho nikaanza kusoma. Kanuni hiyo ya iCalendar ilitolewa 1998 kwa ajili ya kalenda za vikao na miadi. Inajua kusema "siku hizi kuna shughuli" na "siku hizi hakuna". Haijui bei. Haijui kuhesabu: ukiwa na vyumba vinne vinavyofanana ukaviweka kama aina moja, haiwezi kusema vimebaki viwili. Halafu haipelekwi. Kila tovuti inakuja kuisoma kwa wakati wake, pengine baada ya saa kadhaa, na mwezi wa Agosti au Desemba hizo saa kadhaa zinatosha kabisa kuuza chumba mara mbili.

Wenzetu wa ndege walishapita huko zamani. American Airlines na IBM walianza kujenga Sabre, mfumo wa kompyuta wa kubuku viti vya ndege, tangu miaka ya 1950 mwishoni, na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ina nguvu ya kuyakalisha mashirika mezani, ndiyo maana kufikia Juni 2008 wanachama wake waliachana na tiketi za karatasi. Kwenye malazi hakuna wa kumlazimisha mtu. Kuna OpenTravel Alliance, muungano wa kampuni za safari ulioanzishwa 1999, ulioandika ujumbe wa pamoja wa XML, yaani maandishi yaliyopangwa ili kompyuta zisomane: mmoja wa kutangaza vyumba vilivyobaki, mmoja wa bei, mmoja wa kuleta bukingi yenye jina la mgeni na idadi ya watu. Programu nyingi za chaneli zinaongea lugha hiyo au inayofanana nayo. Ujumbe unatumwa pale pale chumba kinapouzwa, na unatoka kwenye seva ya wenye programu, si kwenye kompyuta yako, kwa hiyo hata umeme ukikatika Nungwi chumba kitafungwa.

Kwa hiyo kwa vyumba vinne na tovuti tatu, ningelipia programu. Ila usilipe kabla ya kujaribu. Waombe muda wa majaribio, chukua tarehe ya mbali, funga chumba kimoja, kisha shika saa uangalie kila tovuti inachukua dakika ngapi kufunga. Badilisha bei, angalia tena. Mwisho mwambie ndugu yako abuku chumba kwenye tovuti moja kwa bei inayoruhusu kughairi bure, uone kama jina na idadi ya watu vinakufikia.

Kwenye kuoanisha vyumba vya programu na vya kila tovuti, kaa mwenyewe, usimwachie fundi. Tovuti moja inakiita "chumba cha bahari", nyingine "deluxe", na programu haina njia ya kujua kuwa ni kile kile. Mimi walinioanishia chumba cha bustani na bei ya cha baharini, tukagundua baada ya wiki nzima bila mgeni hata mmoja.

Na anayepokea bukingi za WhatsApp aingize kwenye programu kwanza, ndipo amjibu mgeni "karibu". Kwangu daftari la mapokezi nililiondoa kabisa, maana likiwepo watu wataandika humo.

Ukishafanya majaribio, lete hapa zile dakika za kila tovuti tuziangalie pamoja.