Uliza Jikoni: Samoni wa mkaa na sosi tamu

Tangu tulipomtaja samoni wa kuchoma wa Kimarekani, yule anayepakwa sosi tamu ya babikyu, barua hazijakatika. Ya kwanza tunaijibu kwa kirefu, kwa kuwa nusu ya maswali mengine yanatokana na kosa hilo hilo.

Nilinunua vipande vinne vya samoni aliyegandishwa, nikaviloweka usiku kucha kwenye asali, siki na tomato sosi, kisha nikavichoma kwenye jiko la mkaa. Dakika tatu tu, nje peusi tii, ndani pabichi. Tatizo ni mkaa au samaki?
*Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam*

Samaki hana kosa, na mkaa una kosa dogo tu. Kilichokuharibia ni kutanguliza sukari. Asali ina fruktosi nyingi, na fruktosi huanza kugeuka rangi kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi. Sukari ya kawaida huvumilia hadi karibu 160. Wavu ulio juu ya makaa yaliyokolea hupita 230 bila taabu. Sasa piga hesabu: katikati ya mnofu panahitaji nyuzi 63 tu, lakini joto linafika huko polepole, na huku nje sosi imeshakuwa masizi. Kuloweka usiku kucha nako kumekuponza, maana siki huipausha nyama ya samaki na kuifanya laini kama uji juu juu, na ngozi iliyolowa haikauki wala haishiki rangi.

Samoni huchomwa kwa chumvi na mafuta. Sosi inaingia samaki akiwa amekaribia kuiva.

Anza na kuyeyusha. Mtoe kwenye friza, umweke sehemu ya kawaida ya friji usiku mmoja. Kama amefungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa, ifungue kabla hajaanza kuyeyuka, kwa sababu wapo bakteria hatari wanaopenda mahali pasipo na hewa. Asubuhi mpanguse kwa karatasi za jikoni mpaka karatasi ya mwisho ibaki kavu. Pitisha kidole juu ya mnofu, ukigusa miba ing'oe kwa kibanio, ukivuta kuelekea upande iliolala. Ngozi usiitoe.

Sosi ya vipande vinne vya gramu 170 kila kimoja: vijiko vikubwa 2 vya nyanya ya kopo, vijiko vikubwa 3 vya sukari guru iliyokwanguliwa, vijiko vikubwa 2 vya siki, kijiko kikubwa 1 cha sosi ya soya, kijiko cha chai 1 cha haradali, punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga na robo kikombe cha maji. Ichemshe kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10, ukikoroga. Iko tayari pale mwiko ukipita chini ya sufuria unaacha njia, na njia ile inajifunga polepole. Ikiwa nyepesi itatiririka kwenye makaa na kukurudishia moshi mchungu. Ikiwa nzito kama jemu itakaa mabonge. Chumvi usiongeze, soya inatosha.

Mkaa uwashe mapema, usubiri makaa yavae jivu jeupe, kisha yasukume yote upande mmoja wa jiko. Hapo una moto wa aina mbili. Weka kiganja sentimita 10 juu ya wavu: upande wa makaa utavumilia sekunde 3 tu, upande wa pili 8 hadi 10. Kipande chenye unene wa sentimita 2.5 kipake mafuta na chumvi, kilaze ngozi chini upande wa makaa dakika 4. Kihamishie upande wa pili, kifunike kwa sufuria kubwa, dakika 3. Sasa ndipo upake sosi, utando mwembamba. Funika dakika 2. Paka tena, dakika 2 nyingine. Hakuna kugeuza, ngozi ndiyo sufuria yako.

Mwishoni usiondoke jikoni. Sosi huchemka kwa mapovu makubwa mazito, halafu mapovu yanakuwa madogo na uso mzima unang'aa kama mbao iliyopigwa vanishi. Toa hapo hapo. Ukitaka kingo ziungue kidogo, sogeza kipande upande wa makaa kwa sekunde 30, usizidishe.

Samoni wangu akiiva anatoa utando mweupe kama ute wa yai. Mume wangu hataki kumgusa, anasema ni mafuta yaliyoharibika. Tunatumia jiko la gesi la nje.
*Msomaji, Minneapolis, Marekani*

Mwambie shemeji ale. Ule si mafuta wala hauna ubaya. Ni protini iliyomo ndani ya nyama ya samaki, iitwayo albumini. Nyuzi za nyama zikipata joto hujikaza na kuikamua nje, nayo ikifika juu inaganda. Kila samoni hutoa kidogo. Akitoa mwingi, basi moto ulikuwa mkali mno au alikaa zaidi ya alivyopaswa, na mara nyingi ndani utamkuta amekauka.

Dawa yake ni maji ya chumvi. Koroga vijiko vikubwa 4 vya chumvi (gramu 60 hadi 70) katika lita 1 ya maji baridi, mzamishe dakika 15, mtoe, mkaushe vizuri. Chumvi hulegeza zile nyuzi za juu zisijikaze sana. Baada ya hapo usimtie chumvi nyingine.

Angalia pia aina uliyonunua. Samoni wa kufugwa wa Atlantiki ana mafuta mengi na husamehe. Huko kwenu mnauziwa pia sockeye wa Alaska, mwekundu sana, anayevuliwa baharini. Huyo ana mafuta machache na vipande vyake ni vyembamba. Dakika 6 au 7 kwa jumla zinamtosha, na sosi mpake kuanzia dakika ya 4. Kwenye gesi, washa kichomeo cha upande mmoja tu, ule mwingine uache umezimwa.

Huku samoni ni ghali. Je, sosi hii yafaa kwa nguru au sangara?
*Msomaji, Nyali, Mombasa*

Yafaa, ila kila mmoja ana tabia yake.

Nguru mkate vipande vya kukingama mwili, unene wa sentimita 2.5. Kipande hicho hakina upande wa ngozi wa kulalia, kwa hiyo mpake mafuta ya kutosha na umgeuze mara moja: dakika 4 upande wa kwanza, 3 upande wa pili, halafu sosi, dakika moja moja kila upande kwenye moto mdogo. Sangara ana mnofu mnene unaomeguka, tumia wavu wa kubana, ule wenye mikono miwili, la sivyo nusu yake itaishia kwenye makaa. Kwa sangara tungepunguza sukari guru iwe vijiko 2, mnofu wake ni mpole na sosi humfunika ladha.

Nguru na jodari wana jambo moja la kuangaliwa sana. Wakikaa juani baada ya kuvuliwa hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Mlaji huwashwa mdomo kama aliyekula pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma. Samaki asiye na barafu saa sita mchana mwache hapo alipo, hata akipunguzwa bei.

Siki nanyi mnaweza kuiacha mkatumia vijiko vikubwa 3 vya ukwaju mzito. Watu wa Pwani wamezoea kupaka samaki tangu anapowekwa motoni, na kwa samaki wa kupaka ni sawa kabisa, kwa kuwa tui lina maji na mafuta, na sukari yake ni kidogo. Mkono ule ule ukiuhamishia kwenye sukari guru, utapata yaliyompata mwenzako wa Mbezi.

Samoni wangu hung'ang'ania kwenye wavu, ngozi inabaki, nyama inakuja peke yake.
*Msomaji, Nakuru*

Wavu ulikuwa mchafu au haujapata moto, ama umemnyanyua mapema. Upashe wavu dakika 10, usugue kwa brashi ya chuma, kisha uufute kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta, ukikishika kwa koleo. Ngozi ikauke kabisa kabla ya kulazwa. Ukimjaribu kwa mwiko bapa akakataa, mwache dakika moja zaidi. Ngozi iliyoiva huachia yenyewe.

Mke wangu ni mjamzito. Nitajuaje ameiva, nami sina kipimajoto?
*Msomaji, Mwanza*

Kipimajoto cha jikoni nunua, hasa kipindi hiki. Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, katikati ya kipande pafike nyuzi 63, bila mjadala. Wapishi wengi humtoa samoni kwenye 52 au 55 ili abaki laini na mwenye maji. Ni tamu kweli, lakini wa mkeo asiwe hivyo. Mpaka ukipate, chomeka uma sehemu nene zaidi na uuzungushe kidogo: nyama imeguke tabaka kwa tabaka, rangi iwe nyepesi hadi katikati, pasibaki sehemu inayoangaza kama kioo chenye ukungu. Mwache dakika 3 kwenye sahani kabla ya kukata.

Sosi iliyobaki kwenye bakuli naweza kuipeleka mezani?
*Msomaji, Kigoma*

Ile uliyochovya brashi iliyogusa samaki ambaye hajaiva, hapana, labda uichemshe upya mpaka itokote. Rahisi zaidi ni kuigawa katika bakuli mbili kabla ya kuanza, moja ya brashi, moja ya mezani.