Swali la lugha: Mashua au mtumbwi, joka au dragoni?

Msomaji wetu wa Morogoro anauliza:

"Shikamoo Mwalimu. Ninatafsiri maelezo mafupi kuhusu sikukuu ya Wachina iitwayo Duanwu. Nimeandika: 'Hekaya ya Tamasha la Mashua za Joka, linalofanyika tarehe 5 mwezi wa tano.' Mwenzangu kaipiga wino mwekundu karibu yote, wala hakusema kosa liko wapi. Naomba msaada."

Marahaba. Wino wa mwenzako una haki, ila alipaswa kukueleza. Nianze na tarehe, maana hilo ndilo kosa litakalompotosha msomaji. Mengine yana nafasi ya kubishaniwa.

Mswahili akisikia "mwezi wa tano" anaelewa Mei, basi. Atakwenda mtoni Mei 5 asikute hata kafi moja. Duanwu huangukia siku ya tano ya mwezi wa tano kwa kalenda ya Kichina, ambayo miezi yake hufuata mwandamo. Mwaka 2023 iliangukia Juni 22, mwaka 2024 Juni 10, na mwaka 2025 Mei 31. Kwa hiyo andika "mwezi mwandamo wa tano", na usiache kutaja kuwa kalenda ni ya Kichina. Watu wa pwani waliozoea kuhesabu mfungo mosi, mfungo pili, wanaweza kudhani hesabu ni ileile. Siyo. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, hata Ramadhani ikazunguka majira yote. Wachina huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili au mitatu ili kalenda isiachane na majira. Ndiyo maana sikukuu hii haitoki nje ya mwisho wa Mei na Juni.

"Tamasha" ni kitu cha kutazamwa: ngoma, maonyesho, michezo. Mashindano yenyewe ya majini yaite tamasha ukipenda. Lakini siku nzima, ambayo tangu mwaka 2008 ni ya mapumziko kitaifa huko China, ni sikukuu.

Sasa chombo. Mashua kwa mtu wa pwani ina mlingoti, foromali (boriti inayobeba tanga) na tanga. Chombo cha Duanwu hakina hata kimoja katika hivyo. Ni chembamba na kirefu. Katika mashindano ya kimataifa hubeba wapiga makafi 20 waliokaa wawiliwawili, mpiga ngoma mbele na mshika usukani nyuma. Omo, yaani mbele ya chombo, ina kichwa cha dragoni; tezi, yaani nyuma, ina mkia. Kwa umbo na kwa mwendo, jamaa yake wa karibu ni mtumbwi. Najua mtaniambia mtumbwi huchongwa kwa gogo moja, na hivi huundwa kwa mbao. Kweli, lakini wavuvi wa Ziwa Victoria wanaita mitumbwi hata vile vya mbao, na hakuna aliyewashtaki. Na kwa kuwa umefika hapo, angalia usije ukaandika "wanavuta makasia". Kasia huegemezwa ubavuni mwa chombo na mvutaji huipa omo mgongo. Hawa wanatazama mbele, kila mmoja na kafi lake mkononi. Wanapiga makafi.

Kuhusu "joka", hapa nitawaudhi walinzi wa lugha, ambao kwa kawaida niko upande wao. Neno ni letu na ni zuri: nyoka akikuzwa huwa joka, kama nyumba inavyokuwa jumba. Shida ndiyo hiyohiyo, kwamba joka ni nyoka. Wachina wa zamani waliuogopa mwezi huu wa tano kwa joto, maradhi na wadudu wenye sumu, wakataja viumbe watano wa kuepukwa, na nyoka ni mmoja wao, pamoja na nge na tandu. Kinga zake zipo hadi leo: mlangoni hutundikwa majani yenye harufu kali, mojawapo likiwa la jamii moja na pakanga, watoto hufungwa nyuzi za rangi tano mkononi na kuvishwa vifuko vya manukato. (Vifuko hivyo usiviite hirizi, msomaji atatafuta maandishi ndani.) Dragoni kwa Wachina ni mwenye mvua na maji, kiumbe wa heshima. Ukiandika joka, umemfukuza nyoka mlangoni ukampanda mtoni. Ongeza kwamba waliosoma Ufunuo sura ya 12 wanamjua joka kuwa ni Ibilisi mwenyewe. Hapa nachukua "dragoni", neno la mkopo lisilo na mzigo huo.

Limebaki neno "hekaya". Hilo hubeba harufu ya visa vya kuchekesha na vya kubuni, kama vya Abunuwasi. Qu Yuan, anayekumbukwa siku hiyo, aliishi kweli: mshairi na mshauri katika dola ya Chu, akafukuzwa kwa fitina, na inasemwa kwamba mwaka 278 KK, mji mkuu wa Chu ulipotekwa na jeshi la dola hasimu ya Qin, alikumbatia jiwe akajitosa mto Miluo. Wanavijiji wakapiga makafi kumtafuta, wakatupa wali majini ili samaki wasimle. Wali huo ndio unaosimuliwa kuwa asili ya zongzi, mchele wa kunata unaofungwa kwa majani ya mwanzi na kuchemshwa. Upande wa Suzhou, mji wa mashariki mwa China, watakwambia anayekumbukwa ni Wu Zixu, waziri wa dola ya kale ya Wu, siyo Qu Yuan. Simulizi ya shujaa wa namna hii, ambamo historia na masimulizi vimesukwa pamoja, ni mighani. Humo ndimo tunamweka Fumo Liyongo, naye mshairi.

Zongzi liache kama lilivyo, ulipe upatanisho wa ngeli ya i-/zi-: zongzi hii imeiva, zongzi hizi zimeiva. Sentensi yako mimi ningeiandika hivi: "Mighani ya Duanwu, Sikukuu ya Mitumbwi ya Dragoni, inayoadhimishwa siku ya tano ya mwezi mwandamo wa tano kwa kalenda ya Kichina." Ni ndefu kuliko yako, najua. Mwonyeshe mwenzako, na safari hii mnyang'anye kalamu kwanza.