Huujui mchezo? Nenda uwanjani hivyo hivyo

Mimi si mtu wa mipira. Nimekulia Dar es Salaam, mji ambao siku ya Simba na Yanga ndani ya daladala hakuna stori nyingine, na bado sijawahi kukanyaga Uwanja wa Mkapa. Kwa hiyo dada yangu anayeishi Chicago aliponiambia shemeji amenikatia tiketi ya besiboli pale Wrigley Field, uwanja wa timu ya Chicago Cubs, nilimjibu waende wao, mimi nibaki na watoto. Nashukuru hawakunisikiliza. Ukialikwa hivyo ugenini, nenda.

Usijichoshe kusoma sheria usiku kucha. Shemeji alinipa darasa ndani ya treni, kabla hatujafika kituo cha Addison: "Shemeji, shika haya tu. Mrushaji anataka mpigaji akose. Mpigaji anataka aupige, akimbie vituo vitatu, kisha arudi pale alipoanzia, na akirudi ni pointi moja. Wakitolewa watatu, timu zinabadilishana. Hivyo raundi tisa, kila timu ina zamu yake ya kupiga." Yalinitosha. Hakuna dakika 90 wala sare. Wakilingana baada ya raundi ya tisa wanaendelea mpaka apatikane mshindi. Tenga saa mbili na nusu hadi tatu, na usipange miadi mingine jioni ile.

Ukiweza kuchagua, chagua mechi ya mchana, siku ya kazi. Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, nusu yake nyumbani, kwa hiyo hakuna haja ya kugombania Jumamosi au siku wanapokuja St. Louis Cardinals, watani wa jadi wa Cubs. Na mchana utauona uwanja wenyewe. Ulifunguliwa mwaka 1914, na mechi za usiku hazikuwapo hadi taa zilipowekwa mwaka 1988. Ukuta wa matofali wa nyuma umefunikwa na mmea unaotambaa, ubao wa matokeo bado unabadilishwa kwa mikono na watu walio ndani yake, na ng'ambo ya barabara kuna watu wanaoangalia mechi kutoka juu ya mapaa ya nyumba. Mimi nilikuwa nimeridhika kabla hata mpira wa kwanza haujarushwa. Ila kwa kuwa ni uwanja wa zamani, paa limeshikiliwa na nguzo za chuma, na viti vingine viko nyuma ya nguzo. Soma maelezo ya kiti kabla ya kulipa.

Chukua koti. Narudia, koti. Nilikwenda mwezi wa Aprili na sweta jepesi juu ya gauni, maana asubuhi jua lilikuwa linawaka. Upepo wa Ziwa Michigan ulipoanza kuvuma, vidole vilikufa ganzi, ikabidi dada anivue aibu kwa kunigawia blanketi la mtoto.

Chakula ni juu yako. Mimi ni Muislamu, kwa hiyo soseji zao sikuzigusa. Nilinunua karanga za maganda, na maganda unayaacha pale pale chini ya kiti, hakuna anayekununia. Simu usiishike muda wote. Mpira unaopigwa vibaya unaweza kurukia kwa watazamaji kwa kasi ya kuumiza, hivyo mpigaji akishajiandaa, macho mbele.

Lakini lililonifanya niandike haya yote ni jirani yangu wa kiti. Alikuwa mama mtu mzima, amekuja peke yake, amekaa na karatasi ngumu yenye visanduku vingi na penseli iliyochongwa vizuri. Raundi ya pili ilipokwisha nikamsalimia, nikamwambia ukweli: natoka Tanzania, hii ni mechi yangu ya kwanza, naomba kuuliza unaandika nini. Uso wake ulifunguka. Akasogeza karatasi ikawa juu ya mapaja yetu wote wawili.

Kila mchezaji wa ulinzi ana namba ya nafasi yake: mrushaji ni 1, mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2, wa kituo cha kwanza ni 3, na kuendelea hadi 9. Kwa hiyo akiandika 6-4-3, amekwisha kusimulia mpira ulivyopita mikononi mwa watu watatu na wakimbiaji wawili wakatolewa. Mpigaji akitolewa kwa kukosa mara tatu, anaandika K. Na kama mpira wa mwisho ulimpita amesimama tu, rungu begani, K hiyo inaandikwa kwa kugeuzwa, imetazama nyuma. Nilipoelewa hilo nikaanza kumwangalia kila mpigaji usoni. Ghafla nikawa nataka kujua: atazungusha rungu au ataganda?

Raundi ya sita akanipa penseli.

Ndiyo maana nasema, muulize jirani. Usijifanye unajua, na usikae kimya ukisubiri iishe. Subiri tu timu zinapobadilishana, maana mpira ukiwa hewani hakuna wa kukujibu. Mtu aliyependa kitu maisha yake yote ana hamu ya kukieleza, na marafiki zake wamekwisha kukisikia. Wewe mgeni ndiye hujakisikia.

Katikati ya raundi ya saba uwanja mzima unasimama na kuimba. Simama nao, hata kama maneno huyajui. Cubs walishinda siku ile, ikapandishwa bendera nyeupe yenye herufi W ya bluu, yaani "win", ushindi, na yule mama akaikunja ile karatasi akanikabidhi. Ipo kwenye droo yangu Dar, na K mbili kati ya zile zilizogeuzwa ni mwandiko wangu.